Mzazi Akisahau, Nani Akumbuke?

Ndugu msomaji, mtu akipotelewa na mali tunampa pole. Akifiwa na mtoto tunakwenda kukaa naye matanga. Lakini akipotelewa na kumbukumbu zake, hata akawa hamjui mwana aliyemzaa, wengi wetu hatujui la kusema wala la kutenda. Tunacheka, au tunakemea, au tunafunga mlango ili wageni wasione. Swali nipendalo tulipime leo ni hili: mzazi akiisha kutusahau, je, haki yake juu yetu imepungua, imebaki vile vile, au imezidi?

Tuweke mfano mbele yetu. Tuseme yupo bibi mmoja wa Pangani, mjane, umri umepita miaka 70. Kwanza alisahau chungu motoni hata wali ukaungua. Kisha akawa anauliza jambo moja mara tano kabla ya adhuhuri. Siku moja alitoka kwenda kwa shoga yake, nyumba ya tatu tu, akakutwa magharibi kivukoni, hajui arudi wapi. Mwanawe wa kiume anafanya kazi Matongo, wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Akaja mbio, akampeleka mama hospitali, akaambiwa kuwa ni ugonjwa wa Alzheimer. Basi akafunga mizigo ya mama, akasafiri naye hadi Matongo. Mtaa mzima ukamsifu: huyu ndiye mtoto!

Matongo ni kwa Wakurya, nchi ya mashamba na ng'ombe. Na tangu mgodi ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2002, ni nchi pia ya mashimo makubwa, nyua na malori. Huko hakuna ukuta ambao mama anaufahamu. Kila alasiri anajifunga kanga yake, anashika kitasa cha mlango. "Nipisheni, pantoni ya Bweni itaniacha." Anaambiwa hapa hapana bahari. Hasadiki. Angesadiki vipi, naye miaka yote ya maisha yake alikuwa akitoka mlangoni anauona mto unaingia baharini?

Na tuseme jirani yao ni mzee wa Kikurya mwenye maradhi kama hayo. Yeye kila asubuhi huchukua jembe, akashika njia ya shamba lake la zamani, na shamba hilo sasa limo ndani ya ua wa mgodi. Vijana humrudisha huku wakimcheka: "Mzee, shamba lipo wapi?" Lakini mzee hasemi uongo. Shamba lilikuwapo, naye alililima. Nchi imegeuka, yeye akabaki na nchi ile iliyokuwa. Tukimwita mwendawazimu kwa sababu hiyo, tumemdhulumu. Yaliyomponyoka ni ya leo, ya jana bado anayo.

Na hii ndiyo tabia ya maradhi haya. Hayaanzi kwa kufuta yote kwa mara moja. Huanza na mambo mapya: nani alikuja asubuhi, funguo ziko wapi, chakula kimeliwa au bado. Mambo ya ujanani hudumu zaidi, na mara nyingi hudumu pia yale yaliyohifadhiwa kwa kukaririwa tangu utotoni. Tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alimpokea mgonjwa mmoja mwanamke mjini Frankfurt mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 51. Inasimuliwa kuwa alipotakiwa aandike jina lake akashindwa, mama yule alilalamika kwamba amejipoteza. Alipofariki, tabibu akauchunguza ubongo wake, na mwaka 1906 akawaeleza matabibu wenzake aliyoyaona ndani yake. Kwa hiyo si laana, si jini, wala si ukaidi wa uzee. Ni ubongo unaoharibika kidogo kidogo, kama vile moyo au figo ziharibikavyo.

Wala tusidhani kuwa ni maradhi ya Ulaya peke yake. Wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, matabibu waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi; matokeo yalitangazwa mwaka 2013, nayo yakaonyesha kuwa kiasi cha wazee 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya namna hii ya kupotewa na akili uzeeni. Kijiji chenye wazee 100 wa umri huo, basi, hakikosi nyumba tano au sita zenye mtihani huu. Ni nyumba ngapi kati ya hizo zinazojua jina la ugonjwa wenyewe?

Kutojua huko kuna hatari yake. Bibi atembeaye usiku, asemaye peke yake, asiyewatambua wajukuu, ni mwepesi sana wa kusingiziwa uchawi. Nchi yetu imekwisha kuona uovu huo ulikofika. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao likiwa macho mekundu tu, mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Mauaji katika mikoa hiyo, na maovu hayo hayakwisha. Basi kulijua jina la maradhi haya si elimu ya pambo. Huenda ikaokoa roho ya mtu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratun Nahl, aya ya 70, kwamba miongoni mwetu wako watakaorudishwa kwenye umri ulio dhaifu kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Na Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga ya Mola wake asirudishwe katika umri huo. Hali hii, basi, haikutajwa kwetu kama aibu, bali kama jambo ambalo hapana hata mmoja aliye na dhamana ya kuepukana nalo.

Kisha katika Suratu Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, tumekatazwa hata kuwaguna wazazi. Litazame, ndugu yangu, katazo hilo limefungamanishwa na wakati gani: ni pale mmoja wao au wote wawili wanapofikia uzee nao wako kwetu. Mzazi mwenye nguvu, mwenye akili na fedha zake, nani amgune? Tunamguna yule anayeuliza mara ya sita. Ile kauli yetu ya kila siku, "Si nimekwisha kukwambia!", ndiyo yenyewe iliyokatazwa.

Na aya hiyo inatufundisha tuwaombee wazazi rehema kwa vile walivyotulea tulipokuwa wadogo. Hapa pana jambo kubwa. Nani kati yetu anayekumbuka alivyonyonyeshwa? Nani anakumbuka usiku aliougua surua, mama akakesha naye mapajani? Hapana. Miaka ile mama alimtumikia mtu asiyemjua kwa jina, asiyemshukuru, aliyemlilia na kumchafua, ambaye kesho yake alikuwa amekwisha kusahau yote. Wala mama hakusema, "Nimfanyie nini huyu, naye hatakumbuka?" Basi deni letu kwake lilianza katika usahaulifu wetu, na sasa tunatakiwa kulilipa katika usahaulifu wake. Anayesema, "Hanijui tena, nikae naye kwa faida gani?", ajiulize yeye alikuwa anamjua nani alipokuwa na umri wa miezi sita.

Jawabu langu, basi, ni hili: haki ya mzazi haikupungua, bali imezidi, kwa kuwa hapo nyuma alikuwa anaweza kujidai haki yake mwenyewe, na sasa hawezi. Kumbukumbu zake zimekuwa amana mikononi mwetu. Alilosahau yeye, hana dhambi. Kalamu imenyanyuliwa kwake ikiwa akili imeondoka. Tutakalosahau sisi ndilo tutakaloulizwa. Na amana hiyo ina mafungu manne.

La kwanza ni staha yake. Mama aliyekuwa hatoki bila buibui asiachwe barazani kichwa wazi kwa kuwa "hajui". Hajui, lakini sisi twajua. Wala asizungumzwe mbele ya wageni kama kwamba hayupo. Maneno yanaweza kumpita. Sura iliyokunjwa na sauti ya ukali haimpiti.

La pili ni ukweli. Bibi yetu huuliza kila jioni, "Mume wangu hajarudi?", naye mume alikwisha kufariki. Ukimwambia amekufa, analia kama aliyepata habari leo, na kesho utamfisha mumewe tena. Ukimwambia yuko njiani, umesema uongo. Wengi hudhani kuwa njia ni hizo mbili tu. Iko ya tatu: mjibu lile lililo nyuma ya swali. Anayemuuliza mume wakati wa jioni huenda ana hofu, au ana upweke. Kaa karibu naye, umshike mkono, umwambie, "Leo umemkumbuka sana baba. Hebu nihadithie, alikuwa akirudi na samaki gani?" Hapo hukusema uongo, wala hukumchoma moyo; na pengine utahadithiwa jambo la baba yako ambalo hujapata kulisikia.

La tatu ni mali. Hapa ndipo shetani anapokaa. Mzee akipoteza akili, ghafla wanazuka watoto wenye karatasi za kutiwa dole gumba. Na tujue: kuuza, kutoa zawadi wala kuandika wasia kwa mtu asiye na akili hakuswihi. Na kwa madhehebu ya Shafi tuifuatayo watu wa pwani, mwana hapati usimamizi wa mali ya mzazi wake kwa sababu tu ya kuwa ni mwana. Usimamizi ni wa baba, kisha babu, kisha aliyeusiwa nao, na wakikosekana hao ni wa kadhi, naye humkabidhi amwonaye mwaminifu. Pasipo na kadhi wa serikali, jambo hilo hupelekwa mahakamani. Anayechuma minazi ya mama kwa siri, hata akisema "ni yetu sote", ameiba kwa mtu asiyeweza kupiga kelele.

La nne ndilo tulisahaulo zaidi, nalo ni kazi yenyewe. Yule mwana wa Matongo amesifiwa na mtaa mzima. Lakini alfajiri yeye huenda kazini. Anayemwogesha mama ni nani? Anayefua shuka, anayezuia mlango alasiri, anayekesha? Ni mkewe. Na sheria haikumwajibisha mke kumtumikia mama mkwe. Akifanya, ni hisani yake, na hisani hushukuriwa wala haidaiwi. Wajibu ni wa watoto waliozaliwa, wa kiume na wa kike. Ndugu yuko Tanga, mwingine yuko Maskati, wanatuma salamu na shauri nyingi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Na waketi, hata kama ni kwa simu, wagawane: huyu fedha ya dawa na ya msaidizi, huyu kuja kukaa mwezi mzima ili shemeji apumzike, huyu kusimamia minazi na kutoa hesabu mbele ya wote. Mlezi aliyechoka kupita kiasi atafika mahali pa kupiga, na dhambi hiyo wataigawana pia wale waliomwacha peke yake.

Na je, ilifaa mama kupelekwa Matongo? Nia ya mwanawe ilikuwa njema. Lakini mgonjwa wa namna hii hushikilia vitu alivyovizoea: kona ile, birika lile, adhana ya msikiti ule ule. Ukimhamisha, umemwondolea hata kile kidogo alichobakiwa nacho. Pengine mwenye kuhamia angekuwa binti, akae Pangani na mama, na yule wa Matongo awe ndiye mlipaji. Pengine haikuwezekana, kila nyumba ina dhiki zake. Ila kabla ya kufunga mizigo ya mgonjwa tujiulize: tunampeleka kwa raha yake, au kwa sifa yetu? Na akiisha kuhamishwa, basi afuatwe na vitu vyake: mkeka wake, sanduku lake, watu wanaosema Kiswahili cha kwao. Na jirani waambiwe waziwazi ugonjwa ni nini, ili wakimwona njiani kuelekea kwenye malori wamrudishe kwa upole.

Mambo mawili ya kumalizia. Usikubali kuambiwa "ni uzee tu" kabla mzee hajapimwa. Wako wanaochanganyikiwa kwa huzuni kubwa, kwa tezi ya shingoni, kwa upungufu wa vitamini, au kwa dawa walizopewa, na hao huweza kupata nafuu. Alzheimer yenyewe haijapata dawa ya kuiponya. Dawa zilizopo hupunguza tu makali, tena kwa baadhi ya wagonjwa.

La pili linatuhusu mimi na wewe ambao bado tunakumbuka. Andika leo madeni yako na amana za watu ulizo nazo. Chagua wasii ungali na akili timamu, mbele ya mashahidi. Waambie wanao unapenda nini na unachukia nini. Kisha watazame wanavyokutazama unapomhudumia bibi yao, maana hilo ndilo somo watakalolishika hata siku utakapokuwa wewe umesahau kuwa uliwafundisha.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu, awarehemu wazazi wetu, na atupe subira pamoja na wale waliotusahau. Wabillahi tawfiq.