Mtu Hana Budi Kuwa Mahali

Mwaka 2006, kanisa la Northshore United Church of Christ lililoko Woodinville, mji mdogo kaskazini mashariki ya Seattle katika jimbo la Washington, Marekani, liliomba kibali cha kuweka kambi ya mahema kwenye kiwanja chake kwa ajili ya watu wasio na makazi. Mamlaka ya mji ilikataa hata kulishughulikia ombi hilo, kwa kuwa wakati huo ilikuwa imesimamisha kwa muda vibali vya matumizi ya ardhi katika mtaa huo wa makazi. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo mwaka 2009 iliamua kwamba mji ulikiuka kifungu cha katiba ya jimbo kinacholinda uhuru wa dhamiri na ibada. Wanasheria waliisoma hukumu hiyo kama suala la mipaka ya madaraka ya serikali za mitaa. Ndani yake, hata hivyo, limo swali linalowahusu waumini wa kila mahali: je, kumpa mtu mahali pa kulala ni sehemu ya ibada, au ni hisani ambayo kanisa huifanya likipenda na kuiacha likichoka? Ninashikilia kwamba ni ibada, na kwamba ni wajibu wa haki kabla ya kuwa tendo la huruma.

Hoja inaanzia kwenye jambo ambalo mwenye nyumba hana sababu ya kuliwaza. Mwanafalsafa Jeremy Waldron aliliweka wazi mwaka 1991, katika makala yake kuhusu ukosefu wa makazi na uhuru: kila tendo la mwanadamu hutendeka mahali fulani. Kulala, kuoga, kupika, kujisaidia, yote yanataka ardhi ya kukanyaga. Mwenye nyumba huyafanya kwake. Asiye na nyumba haruhusiwi kuyafanya kwenye ardhi ya mtu binafsi, kwa hiyo hubakiwa na ardhi ya umma: bustani, kando ya barabara, chini ya daraja. Ardhi ya umma nayo ikipigwa marufuku ya kulala, mtu huyo hana tena hata futi sita za kujinyoosha bila kuwa mkosaji. Anakuwa amekatazwa usingizi, kitu ambacho hakuna kiumbe anayeweza kujizuia nacho. Tarehe 28 Juni 2024, katika shauri la mji wa Grants Pass ulioko Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba kuwaadhibu watu kwa kupiga kambi kwenye ardhi ya umma si adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba, hata pale ambapo hawana pengine pa kwenda. Januari ya mwaka huohuo, hesabu ya usiku mmoja inayofanywa nchi nzima ilikuwa imekuta watu 771,480 wasio na makazi. Milango ya umma inapofungwa kwa watu wengi kiasi hicho, kila aliye na kiwanja ameguswa na swali, apende asipende.

Kanisa limeguswa kuliko wengine. Lina jengo, lina maegesho ya magari yanayojaa Jumapili asubuhi na kukaa karibu matupu siku sita zinazofuata. Lakini halidai kuimiliki ardhi kama mfanyabiashara anavyoimiliki. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi inatoa sababu ya ardhi kutouzwa moja kwa moja: mwenyewe ni Mungu, na wanaoikalia ni wageni tu mbele yake. Sura mbili kabla ya hiyo, taifa zima linaamriwa kukaa vibandani siku saba kila mwaka, ili waliokwisha kujenga nyumba imara wakumbuke kwamba wazee wao walitoka Misri wakilala kwenye vibanda. Mwenye kuyakiri hayo amejifunga mwenyewe. Akimfukuza asiye na pa kulala kwa kusema kwamba kiwanja ni chake, anatumia hoja ambayo imani yake imekwisha kumnyang'anya. Hata dola inalikiri jambo hilo kwa njia yake: huko Washington majengo ya ibada husamehewa kodi ya ardhi, maana yake jamii nzima, wakiwemo wasioamini, imekubali kwamba kiwanja hicho si mali kama mali nyingine.

Wapo waumini wanaojibu kwamba ni utakatifu huohuo unaokataza. Nyumba ya sala, wanasema, haifai kuzungukwa na mahema, kamba za nguo na moshi wa mapishi. Na wanakumbusha jinsi Yesu alivyolisafisha hekalu. Kisa hicho kinapaswa kusomwa hadi mwisho. Waliotolewa nje walikuwa wachuuzi na wabadilisha fedha. Kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, meza zilipokwisha kupinduliwa, vipofu na viwete walimwendea humohumo hekaluni, naye akawaponya. Hekalu lilitakaswa, na dalili ya kwanza ya kutakaswa kwake ikawa kwamba waliokuwa wakikaa pembeni wamepata nafasi ndani. Anayetaka kulitumia tukio hilo kuwafukuza maskini analisoma kinyumenyume.

Lakini tuseme ni kambi ya namna gani, maana wengi huipinga picha iliyo vichwani mwao. Eneo la Seattle lina uzoefu wa zaidi ya miaka 20. Kambi inayoitwa Tent City 3 ilianza mwaka 2000, na mwaka 2002 makubaliano yaliyofikiwa mahakamani yaliiruhusu kukaa mjini kwa kuhamahama, isizidi watu 100. Tent City 4 ilifunguliwa mwaka 2004 kwenye uwanja wa Parokia ya Mtakatifu Brendan mjini Bothell, kisha ikaendelea kupokewa na kanisa moja baada ya jingine. Mwaka 2005 chuo cha Wajesuiti, Seattle University, kiliipokea Tent City 3 kwenye eneo lake. Katika kambi hizi mahema hupangwa kwa mistari juu ya chaga za mbao, kwa sababu mvua ya huko hudumu miezi, na maji yakishapenya chini, blanketi halikauki tena. Langoni huwekwa hema la mapokezi lenye daftari, na wakazi hukaa hapo kwa zamu, usiku na mchana, wakijua nani ameingia na nani ametoka. Pombe, dawa za kulevya na silaha ni marufuku. Wakazi wenyewe hukaa kikao na kuamua mambo yao, na anayevunja masharti huondolewa na wenzake. Muda ukiisha, hukunja kila kitu, huzoa taka na kuhamia kiwanja kingine.

Msomaji wa Kiswahili huenda akaleta pingamizi lake la kwanza kwa methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kumhifadhi mtu kwa miezi bila kumdai kitu, atasema, ni kumfundisha kutegemea. Hoja ya jembe ni ya haki, na kambi inaitii: anayelinda lango saa nane za usiku ameshalishika la kwake, na wapo wanaotoka hemani alfajiri kwenda kazini. Lakini methali hiyo inachukulia kwamba shamba lipo. Mwaka 2022 watafiti Gregg Colburn na Clayton Page Aldern walichapisha kitabu walicholinganisha ndani yake miji na maeneo ya Marekani, wakitafuta kwa nini mengine yana watu wengi zaidi wasio na makazi. Tofauti hizo hazikuelezwa na ulevi, wala ugonjwa wa akili, wala umaskini. Detroit ni maskini kuliko Seattle, na bado tatizo lake ni dogo zaidi. Kilichozieleza ni kiwango cha kodi ya nyumba na uhaba wa vyumba vya kupanga. Udhaifu wa mtu unaweza kueleza kwa nini yeye ndiye aliyeanguka na si jirani yake, lakini soko la nyumba ndilo linaloamua ni wangapi wataanguka. Mlevi wa mji wa kodi nafuu hulewa akiwa na chumba. Wa mji wa kodi ghali hulewa barabarani, na sisi tunaopita tunadhani pombe ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Hata pale ambapo mtu amechangia anguko lake, bado hatujapata sababu ya kumnyima mahali. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, maelfu ya watu walijaa kwenye viwanja vya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret. Lingekuwa jambo la aibu kusimama langoni na kumhoji kila mmoja kama alistahili kuingia. Hitaji lao lilijieleza. Anayefukuzwa na kodi hana panga nyuma yake, lakini usiku unamkuta akiwa na mwili uleule unaohitaji kulala, na swali la kustahili halina nguvu zaidi kwake kuliko lilivyokuwa nayo kwa mkimbizi. Tukitaka kuadhibu makosa, adhabu ya kukosa mahali pa kuwepo duniani haiwezi kuwa kipimo cha kosa lolote.

Pingamizi la majirani ni zito zaidi, kwa sababu wao hawakuulizwa wakati kanisa likitafuta thawabu. Wana watoto wanaopita hapo kwenda shule, wana nyumba walizozilipia kwa miaka. Kudai kwamba hofu yao ni ukosefu wa imani ni dharau, tena si jibu. Jibu ni utaratibu, na jimbo la Washington limeuweka. Sheria ya mwaka 2010 inakataza serikali za mitaa kuweka masharti yanayolizuia kanisa kupokea kambi, isipokuwa yale ya lazima kwa afya na usalama wa umma. Mwaka 2020 ilirekebishwa: muda wa kambi moja usilazimishwe kuwa chini ya miezi minne mfululizo, lakini kanisa nalo, isipokuwa katika dharura, liitishe mkutano wa hadhara na majirani kabla ya kufungua, na wakazi watu wazima wachunguzwe kama wamo kwenye orodha ya wahalifu wa ngono. Uhuru wa dini hapa haujawa kichaka cha kuikwepa sheria. Na mizani haijapoteza upande wa jirani: ana haki ya kujua, kusikilizwa na kulindwa. Haki asiyokuwa nayo ni ya kuamua kwamba mwenzake asiwepo mahali popote, maana kambi ikiondolewa uwanjani watu hawatoweki. Wanarudi kichakani na chini ya daraja, pasipo choo, daftari wala mlinzi wa zamu.

Linabaki pingamizi ambalo mimi nalihofia kuliko yote: kwamba hema si nyumba, na kanisa linalolipokea linaipa serikali kisingizio cha kukaa kimya. Tangu mwishoni mwa 2022, kanisa la Riverton Park United Methodist lililoko Tukwila, kusini mwa Seattle, lilianza kupokea watu waliokuja Marekani kuomba hifadhi, wengi wakitoka Angola, Venezuela na Kongo. Wakafika mamia, familia zenye watoto wadogo, kwenye kiwanja ambacho hakikuandaliwa kwa idadi hiyo. Asiyeona kasoro hapo hana jicho. Watoto wa Kongo hawakuvuka bahari ili walale kwenye matope nyuma ya kanisa, na hakuna mahubiri yanayoweza kuyageuza matope hayo kuwa baraka. Lakini tazama kilichofuata: Oktoba 2023 mji wa Tukwila ulitangaza hali ya dharura. Watu haohao wangekuwa wametawanyika mmoja mmoja vichochoroni, wasingekuwa dharura ya mtu yeyote. Kukusanyika kwao mahali pamoja, kwa jina na kwa idadi, ndiko kulikowafanya waonekane mbele ya mamlaka. Kwa hiyo hema la kanisani halina budi kuwa pamoja na sauti ya kudai nyumba. Linapokosa sauti hiyo, pingamizi linakuwa kweli, na kanisa linakuwa msaidizi wa uzembe.

Ndiyo maana tofauti ya haki na hisani si ya maneno matupu. Anayetoa kwa hisani hutosheka na shukrani, na huanza kuhoji tabia ya mpokeaji pindi shukrani inapopungua. Anayetoa kwa haki anajua kwamba anarudisha kidogo cha kile ambacho hakikupaswa kukosekana, kwa hiyo hadai shukrani, anamwachia mgeni mamlaka juu ya maisha yake ya kambini, na hanyamazi mbele ya wenye uwezo wa kujenga. Wazee wa kanisa wanapoketi kulijadili ombi la kambi, mengi yatawajia kwanza: bima, maoni ya waumini, nyasi zitakazokufa. Yote ni mambo halali, na yote yana zamu yake. La kwanza liwe hili: tukikataa, watu hawa watalala wapi usiku wa leo bila kuvunja sheria? Kama hakuna anayeweza kutaja mahali, suala la kama wapokewe limekwisha kujibiwa, na kikao kiendelee na ajenda ya vyoo, zamu za ulinzi, mkutano na majirani na barua kwa halmashauri.