Deni Lisilo na Uso

Amana ni neno lenye maana mbili zisizotengana. Maana ya kwanza ni mali iliyowekwa kwa mtu aitunze. Ya pili ni ule uaminifu umfanyao mtu astahili kuwekewa mali. Benki huishi kwa maana zote mbili. Ikipoteza mali imefilisika. Ikipoteza uaminifu i njiani kufilisika.

Wazee wetu wa Ekalakala waliijua benki kwa mlango wake. Ilikuwa mbali, na siku ya kuiendea ilikuwa siku ya kuvaa nguo safi. Palikuwa na askari mlangoni, foleni ndani, na karani nyuma ya kioo. Leo benki imo mfukoni. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa. Na Novemba 2012, ikishirikiana na Commercial Bank of Africa, ikaleta M-Shwari, ambayo humwezesha mtu kuweka akiba na kukopa kwa simu pasipo kumwona karani. Ng'ambo zimezuka benki zisizo na tawi hata moja.

Kati ya benki yenye mlango na isiyo na mlango, ipi hupata faida zaidi? Akili hukimbilia kujibu kuwa ni hii ya pili, kwa kuwa haina jengo la kulipia wala jeshi la makarani. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Starling Bank ya Uingereza iliasisiwa mwaka 2014, lakini mwaka wake mzima wa kwanza wa faida ulikuwa ule uliokwisha Machi 2022. Monzo, iliyoasisiwa mwaka 2015, ilingoja mpaka mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2024. Gharama ndogo si faida. Benki hupata faida hasa kwa kukopesha, na hukopesha vema ikiwa ina amana nyingi na wakopaji wanaolipa. Watu wengi walimpa mgeni fedha za chai, mshahara wakauacha kwa mwenyeji. Jengo la mawe hugharimu, lakini nalo husema: tupo hapa, na kesho mtatukuta.

Basi hesabu ya faida imetufikisha kwenye swali la tabia: kwa nini mtu hulipa deni?

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikopa shilingi 500 kwa mama mwenye duka karibu na lango, na mwezi ule ule nikakopa 500 nyingine kwa simu. Fedha zilipofika hazikutosha madeni mawili. Nilimlipa mama siku hiyo hiyo, kwa maana nilipita mbele yake kila asubuhi na macho yake yalinijua. La simu nililiacha likalala wiki sita, wala usingizi haukunipotea. Nilijiambia kuwa mashine haioni njaa. Siku moja nilimsikia yule mama akisema kuwa akiba yake huiweka katika simu, katika huduma ile ile niliyokopa. Nilitahayari. Huenda shilingi niliyoidharau ilikuwa yake. Nilimlipa mchana kwa mkono wa kulia, na usiku nikamnyima kwa mkono wa kushoto.

Tangu hapo nimeamini kuwa hakuna deni lisilo na uso. Kuna uso usioonekana tu. Tena asiyelipa humlipisha mwenziwe. M-Shwari ilipoanza, ada ya mkopo wa siku 30 iliwekwa kuwa asilimia 7.5. Kwa ada hiyo, mwenye kukopa 1,000 alirudisha 1,075; aliyerudia kila mwezi kwa mwaka alilipa ada ya shilingi 900 kwa matumizi ya 1,000. Ada ya namna hiyo hubeba gharama ya kazi, faida ya mkopeshaji, na hasara ya madeni yaliyokimbiwa. Mwaminifu hulipa deni lake na kipande cha deni la mkimbizi.

Lakini haki haina upande mmoja. Mkopeshaji asiyeonekana naye huweza kusahau kuwa mkopaji ni mtu. Walikuwako waliowapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Kenya ilitunga sheria mwezi wa Desemba 2021, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikakataza matendo hayo. Heshima haiwezi kuwa rehani ya shilingi 500.

Nanyi vijana, mtakopa kwa njia nyepesi kuliko zote walizozijua wazazi wenu. Kidole kitagusa kioo na fedha zitakuja kabla ya fikira. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ya leo imefupishwa kuwa nukta moja, bali matanga yamebaki na urefu wake. Kabla ya kukopa, jiulize kama ungeweza kuomba fedha hizo ana kwa ana na kueleza sababu yake bila haya. Na siku ya kulipa, lipa kama kwamba mwenye mali amesimama mlangoni. Benki yaweza kuishi bila mlango. Bila watu wa namna hiyo haiishi.