Mzigo wa Uzazi ni wa Nani?

Kuna neno moja ambalo wanaume hawapendi kulizungumza barazani, na wakilizungumza huligeuza kicheko. Ni neno la mwanaume anayekwenda kwa mganga wa hospitali kufungwa uzazi. Waganga huiita kazi hiyo vasektomi. Sisi tusicheke, kwa maana ndani yake mna swali linaloigusa kila nyumba ya Wakristo: mzigo wa kupanga uzazi ni wa nani? Ni wa mama peke yake, ao ni wa wote wawili?

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Watu husema, mwanaume huyo amehasiwa kama beberu. Si kweli. Mganga humtia dawa ya ganzi, hufungua ngozi kidogo tu, hukata na kufunga mirija miwili inayopitisha mbegu. Kazi haipiti nusu saa, na mtu hurudi kwake siku ileile. Sauti yake, nguvu zake na uwezo wake wa ndoa hubaki vilevile. Lakini uzazi haukomi mara moja. Yampasa kungoja miezi 3 hivi, kisha apimwe, ili ijulikane kwamba mbegu zimekwisha. Tena kuirudisha mirija ni kazi ngumu isiyo na hakika. Kwa hiyo mganga mwema humwambia mtu ahesabu kwamba amefunga kwa maisha yote.

Sasa tutazame hesabu. Katika mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulihesabu duniani wanawake milioni 219 waliofungwa uzazi, na wanaume milioni 16 tu. Maana yake, kwa kila mwanaume mmoja kuna wanawake zaidi ya 13. Lakini kumfunga mwanamke ni kazi kubwa kuliko kumfunga mwanaume, kwa maana lazima tumbo lifunguliwe. Basi aliyekwisha kubeba mimba, aliyekwisha kuzaa kwa uchungu, ndiye anayelala tena mbele ya kisu. Je, hiyo ni haki?

Wako wanaume waliojiuliza swali hilo. Kwa jirani zetu wa Rwanda, kati ya mwaka 2010 na 2012, wanaume zaidi ya 2,000 walikubali kufungwa. Walipoulizwa sababu, wengi walijibu kwamba waliamua pamoja na bibi zao. Walisema maisha ni magumu, kulisha na kusomesha watoto wengi hakuwezekani, na mama amechoshwa na madawa yanayomsumbua mwilini. Wengine walipata moyo kwa kumsikia mwanaume mwenzao aliyetangulia. Maneno yao kwa kifupi ni haya: mama amebeba vya kutosha, sasa ni zamu yangu.

Eklezya inasema nini? Inasema hapana. Papa Pius XI alikataza watu kuharibu uwezo wa uzazi katika barua yake ya mwaka 1930. Papa Paulo VI alilisema tena tarehe 25 Julai 1968, katika barua iitwayo Humanae Vitae: kufunga uzazi kwa makusudi hakuruhusiwi, kwa mwanaume wala kwa mwanamke, kwa maisha yote wala kwa muda. Mwili wetu tumeupewa na Mungu tuutunze. Si nguo ya kukata tunavyotaka. Na serikali haina ruhusa juu yake. Katika nchi ya India, mwaka 1976, wanaume zaidi ya milioni 6 walifungwa uzazi katika mwaka mmoja, wengi wao kwa kulazimishwa. Dunia iliona pale hatari ya kuuhesabu mwili wa mtu kama mali ya wakubwa.

Basi wanaume wengi wakisikia hapana hiyo hufurahi. Husema, “Eklezya imekataza,” kisha hugeuka ukutani na kulala. Wamesoma nusu ya barua. Nusu ya pili inasema kwamba baba na mama wapaswa kuwa wazazi wenye kufikiri. Kwamba wakiwa na sababu za kweli waweza kuachanisha uzazi kwa kufuata siku ambazo mama hawezi kushika mimba. Na siku zile nyingine ni nani anayepaswa kujizuia? Mama peke yake?

Tuchukue mfano. Mikufu ya shanga za rangi ya kuhesabia siku imekwisha kufika katika vituo vya afya vya Kongo. Inamfaa mama ambaye mwezi wake hauwi chini ya siku 26 wala haupiti 32. Tangu siku ya 8 hata siku ya 19 aweza kushika mimba. Ni siku 12. Mume asipozijua siku hizo, ao akizijua na kuzidharau, shanga zile ni pambo tu. Mama atasema, “Leo hapana,” naye atakasirika, ao atakwenda kwenye pombe na kwa mwanamke mwingine. Mtu huyo ameishika sheria kwa mdomo, na bibi yake anailipa kwa mwili wake.

Walimu wetu walitufundisha kutenga njia na nia. Nia njema haiigeuzi njia mbaya kuwa njema, hilo twalishika. Lakini njia njema mikononi mwa mtu mwenye moyo wa jiwe inamsaidia nani? Yule aliyekwenda kwa mganga, njia yake tunaikataa. Nia yake, ikiwa kweli alimhurumia bibi yake, yatupasa kuiona haya, sisi tulioacha mzigo wote kwa mama. Tena tufikiri vema: kisu ni nusu saa, lakini njia ya Eklezya inadai kila mwezi, miaka mingi. Inamtaka mwanaume atoe zaidi, wala haimpi ruhusa ya kutoa kidogo.

Tusifiche ugumu. Kuna mama aliyekwisha kupasuliwa mara tatu wakati wa kuzaa, na mganga amesema mimba ya nne yaweza kumwua. Mume wake akisema, “Mimi siwezi kungoja siku 12,” basi aseme wazi mbele ya Mungu jambo la pili lililo ndani ya neno lake: kwamba maisha ya bibi yake ni bei ndogo kuliko usiku mmoja. Paulo Mtume aliwaambia Wakorinto kwamba mwili wa mke ni wa mumewe, na wanaume hulikumbuka sana neno hilo. Palepale alisema kwamba mwili wa mume nao ni wa mkewe. Hilo husahauliwa.

Basi tufanye nini? Baba aende pamoja na mama kwenye kituo cha afya, asimtume peke yake kama mgonjwa. Azijue siku za mama, azihesabu mwenyewe, na awe wa kwanza kusema, “Leo tungoje.” Makatekista wenzetu, mnapofundisha wachumba mambo haya, msiwaite wasichana peke yao. Na yule ambaye amekwisha kufungwa, tusimcheke wala tusimfukuze katika jumuiya. Aende kwa padri, naye atamsikiliza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Watoto huzaliwa na wawili. Mzigo wa kuwapanga, na uchungu wa kujizuia, ubebwe na wawili.