Mana ya Siku ya Sita



Mavuno yakiingia nyumbani tunaimba, na ni haki tuimbe. Hapa kwetu Singida mvua ni ya msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na pengine hukatika Februari mtama ukiwa haujatoa suke. Lakini baada ya nyimbo huja lori. Magunia hupakiwa, fedha huhesabiwa, na ikifika Januari watu wale wale huonekana sokoni wakinunua kwa debe, kwa bei ya kuumiza, nafaka kama ile waliyoiuza wenyewe. Asiye na fedha huenda kulima kibarua kwa jirani apate unga, na shamba lake hubaki na magugu mvua ikinyesha. Ndivyo njaa ya mwaka huu inavyozaa ya mwaka ujao.

Wako wasemao kwamba kuweka akiba ni kukosa imani, kwa kuwa Bwana alitufundisha kuomba riziki ya kila siku, na mana iliyolazwa kule jangwani iliingia mabuu. Ni kweli, iliingia mabuu. Lakini tuisome sura hiyo hiyo, Kutoka 16, tusiishie katikati. Siku ya sita Waisraeli waliagizwa kuokota maradufu na kuweka, kwa kuwa siku ya saba mana haikuonekana nje. Na ile iliyowekwa haikuoza. Aliyekataza kulimbikiza ndiye aliyeagiza kuweka. Kwetu sisi mwezi wa mavuno ndio siku ya sita. Baada ya hapo, hata tukitoka na vikapu alfajiri, shambani hatutakuta kitu.

Wengine watamtaja yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi. Tumtazame vizuri. Katika mipango yake yote hamna mke, hamna jirani, hamna mjane. Azungumza na nafsi yake peke yake. Yusufu naye aliweka akiba, sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba. Ghala zake zilipofunguliwa, walipata chakula Wamisri na wageni, hata na ndugu zake waliomwuza.

Upande wa Manyoni na Ugogo wote wazee walituachia jina la Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Jua lilikuwa kali, lakini nchi hii ilikwisha kuona jua kali kabla ya hapo. Safari ile majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe, na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofika ulikuta vihenge vitupu. Mwaka 1974 njaa ilitishia tena, taifa likaagiza nafaka nyingi kutoka nje, nasi tukahimizwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Tangu 2008 tuna Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na twashukuru; lakini ghala la taifa haliwezi kuwa kihenge cha kila nyumba.

Basi kabla lori halijaja, baba na mama waketi pamoja wahesabu. Nyumba inayokula debe mbili kwa mwezi yataka debe 24 kwa mwaka, yaani magunia manne ya debe sita sita, kabla hatujataja mbegu, wageni na misiba. Kinachozidi hapo kiuzwe kwa amani. Alizeti nayo iuzwe, maana daftari na sare za watoto zataka fedha. Ila haisongwi ugali.

Mahindi yana adui wake. Dumuzi, ambaye wengine humwita Scania, aligunduliwa kwa jirani zetu wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na gunia lililowekwa ovyo hulifanya vumbi. Yakaushwe sana, yapukuchuliwe, yafungwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Mtama na uwele havimvutii sana, na ukame huvumilia kuliko mahindi. Twashangaa kuona watu wakiona haya kumwandalia mgeni ugali wa mtama. Kwelea kwelea hawaoni haya hiyo.

Halmashauri ya Mtaa imekubali kwamba nafaka ya Sikukuu ya Mavuno isinadiwe yote siku ile ile. Mtama na uwele utawekwa katika stoo ya kanisa mpaka Januari, kwa ajili ya wajane, wagonjwa, na wazee wasio na mtu, wawe wa kanisa letu au wasiwe. Ruthu alikuwa Mmoabi, na Boazi alimwachia aokote. Nafaka iletwe ikiwa kavu na imepepetwa. Wazee wa kanisa wataipima kwa debe na kuiandika daftarini mbele ya aliyeileta, na ufunguo wa stoo utakaa kwa watu wawili.