Chuma cha Nani Hiki?

Anayetaka kuanza uhunzi nyumbani na mfuko mtupu ataambiwa na kila mtu jambo lilelile: tafuta kipande cha reli. Nami niliambiwa. Fuawe ya dukani, kwa mwalimu mstaafu wa fizikia anayeishi kwa pensheni hapa Korogwe, ni kitu cha kutazama pichani. Lakini kipande cha reli kirefu kama mkono, kikifungwa barabara juu ya gogo la mwembe, kinatosha kabisa. Chuma chake kina kaboni ya kutosha, kimezoea kubeba mabehewa, na nyundo ikikigonga inaruka juu yenyewe, mkono usichoke. Mji wetu umepitiwa na reli, kwa hiyo kwenye yadi za vyuma chakavu kipande kama hicho hakikosekani.

Mengine yalipatikana bila kuniumiza kichwa. Tanuri ni ngoma ya breki ya lori, nikaikandika ndani kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu. Chini yake nimeunga bomba jeusi la chuma. Lile la maji lililopakwa zinki liacheni, maana likipata moto hutoa moshi unaomlaza mtu na homa. Upepo natoa kwenye feni ya gari bovu, inaendeshwa na betri. Marehemu babu angeicheka, yeye aliyejua mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Koleo nimezifua mwenyewe kwa nondo. Joto napima kwa sumaku ya spika iliyokufa: chuma kikifika kiasi cha nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku hainasi tena, na juu kidogo ya hapo ndipo chuma cha springi kiko tayari kuzamishwa kwenye mafuta. Hiyo ni fizikia, nimeifundisha maisha yangu yote. Reli ndiyo iliyonishinda, na haikunishinda kwa uzito.

Kijana mwenye yadi alinionyesha kipande kizuri mno. Upande mmoja kilikuwa na kutu ya miaka, upande mwingine kidonda cha msumeno bado kinang'aa. Nikamuuliza kimetoka wapi.

"Mwalimu, chuma hakina mwenyewe," akasema. "Kikishaingia hapa ni kilo tu. Na wewe si utakitia motoni? Kikitoka huko kitakuwa kitu kingine."

Fuawe haitiwi motoni, lakini sikumsahihisha. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko alivyojua mwenyewe, nikarudi nayo nyumbani badala ya reli.

Tuanze na hilo la kwanza, kwamba chuma hakina mwenyewe. Kurani ina sura nzima inayoitwa Chuma, na humo tunaambiwa kwamba chuma kimeteremshwa, kina nguvu kali na manufaa kwa watu. Mwalimu wa fizikia hawezi kusoma hapo asisimame kidogo, kwa sababu hakuna tanuri duniani lililowahi kukiumba chuma. Viini vyake viliundwa ndani ya nyota kabla dunia haijawa dunia. Kwa hiyo kijana amesema kweli: mwenye chuma ni Mungu. Ila ukweli huo haumsaidii, kwa kuwa hata hela iliyomo mfukoni mwake ni ya Mungu, na sidhani kama angefurahi niichukue kwa dalili hiyo.

Hoja ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Je, kazi na moto vinabadili umiliki? Nikamwendea shehe wetu baada ya swala ya alasiri, nikakuta kumbe wanazuoni walilijadili hili karne nyingi kabla ya treni. Mtu kapora ngano akaisaga, kapora kondoo akamchoma, kapora chuma akafua upanga: kilichopatikana ni cha nani? Wafuasi wa Abu Hanifa walisema kitu kikibadilika hadi jina lake na manufaa yake makuu yakaondoka, milki ya mwenyewe wa awali imekatika. Mporaji anakimiliki kipya, lakini anadaiwa fidia, na si halali kwake kukitumia mpaka ailipe. Wafuasi wa Shafii, ambao ndio sisi wa pwani na bara yake, walikataa. Upanga ni wa mwenye chuma, na jasho la mporaji halimpi haki yoyote.

Warumi nao walibishania jambo hilihili, tena kwa makundi mawili yaliyokinzana vilevile, mpaka Mfalme Justinian katika karne ya 6 akapitisha njia ya kati: kama kitu kipya kinaweza kurudishwa kuwa mali ghafi yake, ni cha mwenye mali ghafi, kama hakiwezi, ni cha aliyekitengeneza. Unga haurudi kuwa ngano. Lakini panga, shoka, mundu, vyote ukiviyeyusha unapata chuma. Kwa kipimo hicho mhunzi ndiye fundi mwenye bahati mbaya kuliko wote, maana anachokifanya hakifiki mahali pasipo na marejeo. Mwokaji anaweza kujitetea kwamba ngano imekwisha. Mimi siwezi, reli bado imo ndani ya shoka.

Hapa nilimkumbuka babu. Upande wa mama mimi ni Mpare, na Upareni kulikuwa na ukoo wa Washana waliosifika kwa kufua chuma. Wahunzi wa kule walikusanya mchanga mweusi wenye madini kwenye vijito vya mlimani, wakauyeyusha kwa makaa, wakapata chuma ambacho hakikuwahi kuwa cha mtu. Mhunzi wa leo hana usafi huo, chuma chake chote kimeshapita mikononi mwa wengine. Tumefundishwa kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma na alikula kwa kazi ya mikono yake, na sisi mafundi tunapenda kujifananisha naye. Mikono peke yake haifui kitu. Kabla ya mikono pana chuma, na kabla ya chuma pana mtu.

Mke wangu aliniona naelekea kubaya. "Basi na springi za magari uziache," akaniambia. "Na feni. Na hiyo ngoma ya breki. Unajua zimeibwa wapi?" Sijui, na alinibana haswa. Masikini akidai ukoo wa kila msumari hatapiga nyundo maisha yake yote, na dini yenyewe inakataza wasiwasi wa namna hiyo. Nadhani tofauti iko kwenye jinsi kitu chenyewe kinavyojieleza. Springi ya lori inaweza kuwa imetoka kwa watu elfu waliouza magari yao mabovu kwa hiari. Dhana njema inayo pa kukaa. Reli haina watu elfu. Njia hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na tangu hapo imepita kwenye dola moja hadi nyingine bila kuwa mali ya jirani yangu yeyote. Miaka treni ilipokuwa haipiti, watu waliiona imekufa na wakaanza kugawana mifupa. Siku iliporudi ilibidi njia itengenezwe, na gharama ile sote tumeilipa, hata asiye na panga.

Ubaya wa mali ya umma ni kwamba hakuna wa kukusamehe. Nikimwibia Shehe jembe, nitamwendea usiku, nitalia, atanisamehe au atanikatalia. Nikikaa na reli, nitamwendea nani? Abiria wa kesho? Shehe alisema mali ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa kwa manufaa ya wote.

"Lakini huyu anajulikana, Shehe," nikamwambia. "Ana ofisi, ana mhuri, ana stesheni hapo chini."

Akacheka. "Basi Mwalimu, wewe huna hata pa kujificha."

Fuawe yangu sasa ni kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, nimekichimbia ndani ya gogo, uso wake ukatokeza juu. Ni mdogo, haufiki upana wa kiganja, na chuma kirefu hukiyumbisha. Nimeuziwa na fundi ujenzi aliyeninyongezea na mpini wa nyundo hiyo, akanieleza pia nyumba aliyokuwa anaivunja. Bei ilizidi ile ya reli, na kila nikifua kisu lazima nikisogeze mara mbilimbili ili kinyooke. Yule kijana wa yadi hupita akitazama, husema ninajitesa bure. Kuhusu kunyoosha visu, yuko sahihi.