Ukinunua Fleti, Umenunua na Majirani

Anayetaka kununua fleti ya zamani pale Osaka huuliza kwanza mwaka: jengo liliidhinishwa kabla au baada ya Juni 1981, kanuni za kustahimili matetemeko ya ardhi zilipokazwa? Swali zuri, ila si gumu. Gumu ni hili: unanunua kuta au unanunua watu?

Kila mwezi wenye fleti huchangia mfuko wa ukarabati. Kama aliyekuuzia alikuwa halipi, sheria inaruhusu deni lake udaiwe wewe. Unaona? Umemrithi mtu usiyemjua.

Halafu jengo huzeeka pamoja na wenyewe. Kwa miongo mingi, kulibomoa na kujenga upya kulihitaji kura nne kati ya kila tano. Kijana anataka usalama. Bibi wa miaka 85 anataka kufia kwake. Nani mbinafsi hapo?

Mimi naona kura humaliza ubishi, haimalizi utu. Ukimshinda bibi, bado ni juu yako kuuliza atalala wapi. Fleti kuukuu huuzwa bei nafuu, lakini salio lake hulipwa kwa kubebana. Asiyeliweza, bora apange tu.