Maji Yatawafuata

Mwambie mtu wa mtoni kwamba maji yatapanda mlima uone atakavyokutazama. Ndivyo Watonga wa Bonde la Gwembe walivyowatazama maofisa wa kikoloni walioleta habari, katikati ya miaka ya 1950, kuwa ukuta utajengwa Kariba na Mto Zambezi utageuka ziwa. Mafuriko ya 1957 na 1958 yalipoharibu kazi ya wajenzi, wakasema basi, Nyaminyami, nyoka mwenye mto, amekataa.

Na mto waliujua. Kila mwaka ulifurika, ukarudi, ukaacha tope ukingoni. Mwanamke alishuka na jembe akiyafuata maji yanavyorudi, leo mstari huu, wiki ijayo ule wa chini yake, akifukia mahindi kwenye unyevu bila kungoja tone la mvua. Mavuno hayo ndiyo yaliyowavusha watoto kipindi cha njaa. Sasa shamba ambalo miezi kadhaa liko chini ya maji, karani ataliandikaje kwenye daftari la fidia?

Watu wapatao 57,000 wa kingo zote mbili walihamishwa. Wa kwa Chifu Chipepo waligoma; Septemba 1958, huko Chisomo, polisi walifyatua risasi wakawaua 8. Waliobaki walipakiwa kwenye malori hadi Lusitu, kule chini ya bwawa, na mwaka uliofuata ugonjwa ambao chanzo chake kinabishaniwa mpaka leo ukaua makumi ya wanawake na watoto. Wakati huohuo boti zilikuwa zikizunguka ziwani kuokoa swala na nyani waliokwama visiwani, na magazeti ya Ulaya yakashangilia Operesheni Nuhu. Sina ugomvi na swala.

Desemba 1958 ukuta ulifungwa. Umeme ukaenda kwenye migodi ya shaba. Ng'ambo ya pili ya ziwa, wazee wa Kitonga wa Binga husimulia kuwa waliambiwa wahame tu, maji yatawafuata. Miaka ikapita, nyaya zikapita, na ndoo zikabaki kichwani.

Siku hizi ziwa likishuka, wanawake hurudi ufukweni na majembe, wakapanda kwenye tope kama bibi zao. Ila kalenda si ya mto tena. Mtu anayeendesha bwawa huko Kariba, asiyeliona shamba, akipunguza maji anayoyaachia, ziwa linajaa, na mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa ndevu yanazama.